Kapsuli za uyoga kwa kaka yangu: ni halali wapi, na ni ruhusa ya nani?

Swali kutoka kwa msomaji wa Bombo: "Wakili, salaam. Kaka yangu alistaafu jeshini baada ya kuhudumu Mogadishu. Tangu arudi hapati usingizi, na mlango ukigongwa kwa nguvu anajitupa chini. Anatumia vidonge alivyoandikiwa hospitalini, lakini nafuu ni ndogo. Sasa kuna mtu wa Kampala anayemuuzia kapsuli za uyoga wa kuleta maono kwa njia ya simu. Anadai kwamba mahakama ilifuta sheria ya dawa za kulevya hapa Uganda, kwamba Australia na Marekani zimehalalisha tiba hiyo, na anamtaka kaka aache kwanza vidonge vya hospitali. Je, ni kweli? Na kama hapa haiwezekani, tukiuza kipande cha shamba tumpeleke nchi gani?"

Dada yangu, kabla sijagusa sheria naomba jambo moja lifanyike leo hii: kaka asiache vidonge vyake kwa amri ya mtu wa simu. Nilifanya kazi ya ufamasia kwa miaka kadhaa kabla ya kusomea sheria, na nimeona watu waliokatisha ghafla dawa za akili wakarudi hospitalini wakiwa na hali mbaya kuliko ile waliyoanza nayo. Ni kweli kwamba katika majaribio ya kitabibu ya MDMA (ile inayoitwa ekstasi mitaani) na uyoga wagonjwa wengi hupunguziwa dawa zao kabla ya kuanza, lakini hupunguziwa polepole, na daktari anayemwona mgonjwa uso kwa uso huku akijua alichokuwa anakunywa na ni kwa nini. Muuzaji aliyesikia habari hiyo nusu ameichukua nusu iliyo hatari.

Nianze na hapa nyumbani, maana ndipo kaka anapoweza kukamatwa. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha kweli ile Sheria ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, katika shauri lililofunguliwa na wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso. Lakini majaji hawakusema kwamba dawa hizo ni salama, wala kwamba raia ana haki ya kuzitumia. Walichosema ni kwamba Bunge liliipitisha sheria ile bila kuhakikisha kwamba akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, imetimia. Hata baada ya hukumu hiyo, Sheria ya Sera ya Taifa na Mamlaka ya Dawa ya mwaka 1993 ilibaki mahali pake, na mwezi Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha muswada mpya uliokuja kuwa sheria. Silosaibini, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya uyoga huo, pamoja na MDMA na LSD (dawa nyingine ya kuleta maono), ni vitu vinavyodhibitiwa, na kuvimiliki au kuviuza bila kibali ni kosa lenye kifungo kirefu na faini nzito.

Tena liko kosa la pili ambalo watu hulisahau. Kitu chochote kinachouzwa nchini kama dawa lazima kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na anayekiuza awe na leseni. Kwa hiyo hata tukizifungua kapsuli za huyo bwana tukakuta ndani unga wa muhogo mtupu, bado amevunja sheria kwa kuuza kama dawa kitu ambacho hakuna aliyekikagua. Mimi binafsi unga wa muhogo ungenipa nafuu, kwa sababu hofu yangu kubwa ni kwamba hatujui kilichomo wala kipimo chake.

Sasa hilo la nje. Umeuliza ni halali wapi, na ningependa tutenganishe maneno mawili ambayo katika mazungumzo huchanganywa kila siku: halali na ruhusa. Karibu kila mahali duniani vitu hivi havijafanywa halali. Kilichotokea katika nchi chache ni kwamba kitu kimebaki haramu kwa umma, huku mtu fulani, ambaye kwa kawaida ni daktari aliyetajwa kwa jina, akipewa ruhusa ya kumpa mgonjwa wa aina fulani, katika jengo fulani, chini ya masharti yaliyoandikwa. Ukisikia "Australia imehalalisha", uliza mara moja: imemruhusu nani, ampe nani, akiwa wapi?

Chanzo cha hali hiyo ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Vitu Vinavyoathiri Akili wa mwaka 1971, ambao Uganda nayo ni mwanachama wake. Mkataba huo uliweka LSD na silosaibini katika Jedwali la Kwanza, lililo kali kuliko yote, na MDMA ikaongezwa humo mwaka 1986. Kifungu cha 7 kinazitaka nchi zipige marufuku matumizi yote ya vitu vya jedwali hilo, isipokuwa kwa utafiti wa kisayansi na kwa makusudi ya kitabibu yaliyo finyu sana, yakifanywa na watu walioidhinishwa katika taasisi zilizo chini ya serikali moja kwa moja au zilizokubaliwa nayo. Ukikisoma kifungu hicho kwa utulivu utaona kwamba mlango haukufungwa kabisa. Uliachwa wazi kidogo, na serikali ikakabidhiwa ufunguo. Kila nchi unayotajiwa leo imeupanua mwanya huo kwa namna yake.

Australia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kitaifa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2023 mamlaka yake ya dawa iliruhusu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili walioidhinishwa kutumia MDMA kwa maradhi ya kiwewe, na silosaibini kwa sonona iliyokataa kusikia dawa nyingine. Si kila daktari bingwa anayeweza, kwani lazima kwanza mpango wake wa tiba upitiwe na kamati ya maadili ya utafiti, ndipo mamlaka impe idhini. Na si kila ugonjwa unaokubaliwa, ndiyo maana silosaibini haikuruhusiwa kwa maradhi ya kiwewe, ambayo kwa maelezo yako ndiyo yanayoelekea kumsumbua kaka. Yaani uyoga anaouziwa Kampala kwa jina la Australia, huko Australia kwenyewe asingepewa kwa tatizo hilo. Nje ya masharti hayo vitu hivi vimebaki marufuku kama zamani, na mtu akikutwa navyo mtaani Sydney anashtakiwa.

Ningependa uione siku moja ya tiba hiyo kwa karibu, ujue inavyotofautiana na kumeza kapsuli kitandani Bombo. Katika majaribio makubwa ya MDMA yaliyofanywa Marekani na nchi nyingine chache, mgonjwa alikutana na wataalamu wawili katika vikao vitatu vya maandalizi vya dakika 90 kila kimoja. Kisha siku ya dawa alilala kwenye kochi, kitambaa machoni, muziki wa taratibu masikioni, na wataalamu wote wawili wakakaa naye kwa saa nane. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo vilipimwa, kwa sababu dawa hiyo huvipandisha. Siku kama hiyo ilirudiwa mara tatu, zikiachana kwa takriban mwezi, na baada ya kila moja vikafuata vikao vingine vitatu vya dakika 90 vya kuzungumza juu ya yaliyojitokeza. Nimejumlisha: ni saa 42 za mgonjwa mmoja, na kwa kuwa wataalamu ni wawili, ni saa 84 za kazi yao. Ndiyo maana gharama zinazotajwa hadharani Australia zimezidi dola 20,000 za nchi hiyo kwa mgonjwa mmoja. Inayolipiwa zaidi ni saa za watu, na ni hizo ambazo muuzaji wako hana.

Marekani ni habari ndefu zaidi, na hapo ndipo upotoshaji mwingi unapozaliwa. Kwa sheria ya shirikisho, MDMA, silosaibini na LSD bado ziko katika jedwali la marufuku kali. Kampuni iliyoitwa wakati huo Lykos Therapeutics iliomba MDMA isajiliwe kwa maradhi ya kiwewe, na takwimu zake zilikuwa za kutia moyo: katika jaribio la pili kubwa, lililochapishwa mwaka 2023 likiwa na washiriki 104, asilimia 71 ya waliopewa dawa hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 48 ya waliopata tiba ya mazungumzo na kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, mwezi Juni 2024 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ushahidi wa ufanisi haujatosha, na 10 kwa 1 kwamba faida hazijaonyeshwa kuzidi madhara. Mwezi Agosti mamlaka ikakataa ombi na kutaka jaribio jingine.

Sababu mbili za mashaka hayo nazitaja kwa makusudi. Ya kwanza ni kwamba karibu kila mshiriki alitambua kama amepewa dawa au hakupewa, kwa hiyo ilikuwa vigumu kutenganisha nguvu ya dawa na nguvu ya matumaini. Ya pili inanigusa zaidi. Katika jaribio la awali huko Kanada mtaalamu alivuka mipaka ya mwili na ya maadili kwa mshiriki, na mwaka 2024 jarida moja la kisayansi likaondoa makala tatu zilizotegemea takwimu zilizohusiana na eneo hilo. Mtu aliye chini ya dawa hizi huwa wazi kama mtoto, anaamini upesi na hawezi kujitetea. Ikiwa hilo lilitokea ndani ya utafiti wenye kanuni, kamera na kamati, fikiria kaka akiwa katika chumba cha kupanga cha mtu asiye na cheti chochote.

Pamoja na hayo majimbo ya Oregon na Colorado yalipiga kura, la kwanza mwaka 2020 na la pili mwaka 2022, kuanzisha vituo vyenye leseni ambapo mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea anaweza kutumia silosaibini mbele ya msimamizi aliyefunzwa. Oregon ilianza kutoa huduma mwaka 2023. Lakini kisheria vituo vya Oregon si hospitali: msimamizi si lazima awe daktari, hakuna ugonjwa unaopimwa, na dawa haitoki nje ya kituo. Serikali ya shirikisho bado inahesabu kitendo hicho kuwa kosa, na kwa mgeni mwenye viza hilo si jambo dogo, kwani kukiri kutumia kitu kilichopigwa marufuku na shirikisho kunaweza kumzuia asiingie tena nchini humo.

Nchi nyingine nitazipitia upesi. Uswisi hutoa vibali vya pekee kwa daktari mmoja kwa mgonjwa mmoja, kwa LSD, MDMA na silosaibini, pale tiba za kawaida zinaposhindwa. Kanada ilianza mwaka 2020 kwa kuwaruhusu wagonjwa wanne wa saratani iliyofikia hatua za mwisho kutumia silosaibini, na tangu Januari 2022 daktari anaweza kumwombea mgonjwa wake kupitia mpango maalumu wa serikali. Ujerumani na New Zealand zilifungua milango midogo mwaka 2025, ya kwanza kupitia vituo viwili vya tiba na ya pili kupitia daktari mmoja. Uingereza imebaki na utafiti wenye leseni tu. Uholanzi ilipiga marufuku uyoga huo mwaka 2008, ila viazi vidogo vya chini ya ardhi vya uyoga uleule havikutajwa katika katazo, na huuzwa madukani hadi leo. Jamaika haikuwahi kuutaja uyoga katika sheria zake za marufuku, kwa hiyo kuna nyumba za mapumziko zinazowaalika wageni, lakini kutokatazwa hakuifanyi nyumba ya wageni kuwa hospitali.

Wapo pia waliopewa ruhusa kwa sababu ya dini na mila. Brazili inatambua matumizi ya kidini ya kinywaji cha ayawaska, kinachochemshwa kwa mimea na kuleta maono, na Peru mwaka 2008 iliyatangaza maarifa ya jadi ya kinywaji hicho kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Barani kwetu mfano ulio karibu ni Gabon, ambako mzizi wa iboga hutumika katika ibada za dini ya jadi ya Bwiti na mmea wenyewe umetangazwa kuwa urithi wa taifa. Kemikali yake, ibogaini, haimo katika majedwali ya mkataba wa 1971, ingawa Marekani imeipiga marufuku kwa sheria yake yenyewe. Lakini ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, na watu wamekufa kwa kuitumia bila kupimwa moyo kwanza. Nimeitaja kwa sababu muuzaji akishindwa kukuuzia uyoga, huenda kesho akakuletea mzizi na kukuambia kwamba huu ni wa Kiafrika na haumo katika orodha ya Umoja wa Mataifa.

Baada ya safari hiyo yote turudi Uganda, maana iko dawa moja ya jamii hii ambayo tunayo tayari, tena kihalali, nayo ni ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji. Nikiwa mfamasia kijana katika hospitali moja ya wilaya, niliitwa usiku kupeleka vichupa viwili katika chumba cha upasuaji. Umeme ulikuwa umekatika. Mama alihitaji kupasuliwa mtoto atoke, na mashine ya usingizi haikuweza kuwashwa. Mhudumu wa usingizi alichoma sindano kwenye kizibo cha mpira, akavuta dawa kwa mwanga wa taa ya simu, na baada ya muda mfupi mama akawa ametulia, macho wazi, akipumua mwenyewe. Alipozinduka alisema alikuwa ametembea juu ya ziwa. Tuliandika vichupa hivyo katika daftari la dawa zinazodhibitiwa, tukatia saini wawili, na kesho yake nikamkuta ananyonyesha.

Dawa hiyohiyo, kwa kipimo kidogo zaidi, imeonekana kuinua sonona nzito kwa saa au siku chache, na mwaka 2019 Marekani ilisajili dawa ya puani inayotokana nayo, iitwayo Spravato, kwa sonona iliyokataa dawa nyingine. Mgonjwa haruhusiwi kuipeleka nyumbani, bali huitumia kituoni na kuangaliwa kwa angalau saa mbili. Shirika la Afya Duniani liliiweka ketamini katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985. Mwaka 2015 China ilipopendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, wataalamu wa usingizi wa nchi maskini walipinga kwa nguvu, kwa sababu hospitali kama ile yangu zingebaki mikono mitupu. Pendekezo hilo halikupita, na nashukuru halikupita.

Kwa hiyo, kama daktari bingwa wa akili atamwambia kaka kwamba ketamini inafaa kujaribiwa, hilo ni zungumzo la kitabibu linaloweza kufanyika hapahapa. Ushahidi wake ni imara zaidi kwa sonona kuliko kwa maradhi ya kiwewe, na daktari mwaminifu atakwambia hivyo. Ninyi hakikisheni kwamba daktari yumo katika rejesta ya Baraza la Madaktari la Uganda, kwamba kituo kina leseni na vifaa vya kusaidia kupumua, na kwamba dawa haitolewi kwenda nayo nyumbani. Ketamini huharibu kibofu ikitumiwa mara kwa mara, huzoeleka, na imeua watu walioachwa peke yao nayo.

Kwa MDMA na silosaibini, njia pekee ninayoiona kisheria nchini ni utafiti: jaribio lililopitishwa na kamati ya maadili, likaidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na Mamlaka ya Dawa ikatoa kibali cha majaribio na cha kuingiza dawa. Mshiriki wa jaribio halali halipii dawa ya majaribio. Mtu akikuomba pesa ya kapsuli na kuiita utafiti, umekwisha kumjua.

Kuhusu shamba, nakusihi msiliuze. Nimeshawaona ndugu waliouza ardhi kwa ajili ya tiba ya ng'ambo, na mfa maji haachi kutapatapa, siwalaumu. Lakini hakuna hata mojawapo ya milango ya kitabibu niliyoieleza inayopitiwa kwa nauli na viza peke yake. Australia daktari atataka kumbukumbu za miaka ya tiba na mgonjwa atakayerudi kwa miezi kadhaa. Uswisi na Kanada, daktari wa hukohuko ndiye anayemwombea mgonjwa anayemtibu. Palipobaki wazi kwa mgeni ni Oregon, Colorado, Jamaika na maduka ya Uholanzi, na huko kwa kawaida kaka atakosa daktari wa akili chumbani, kisha atarudi Bombo na yale yaliyofunguka ndani yake bila mtu wa kuyashughulikia.

Na hapa kwetu hatukukosa kila kitu. Tiba ya kusimulia, ambayo humsaidia mtu kuyapanga mambo yaliyomkuta tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya mnasihi aliyefunzwa, ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Wanasihi walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo, na waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko wale waliokaguliwa tu. Hospitali ya Taifa ya Butabika ina wanasaikolojia wanaofanya kazi na watu wenye kiwewe. Muulizeni daktari wa kaka swali hili moja: mbali na vidonge, amewahi kupewa tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, kwa vikao vyote hadi mwisho? Wanajeshi wengi niliowahi kuzungumza nao hawakupewa, au waliacha katika kikao cha pili kwa sababu ya nauli.

Na zile kapsuli ambazo kaka amekwisha kununua: asizimeze, asimpe mtu mwingine, asisafiri nazo, na msizirudishe kwa muuzaji kwa bodaboda, kwa sababu kuzisafirisha ni kosa juu ya kosa. Zungumzeni na wakili kabla ya kujibu ujumbe wowote wa huyo bwana, na msiufute ujumbe wake wala risiti ya pesa mliyotuma kwa simu. Kama kaka amekwisha kumeza na sasa anaona au kusikia visivyokuwepo, moyo unamwenda mbio au hajalala kwa siku mbili, mpelekeni hospitali usiku huohuo na mumwambie daktari ukweli wote, jina la vidonge vyake na idadi ya kapsuli alizomeza.